Nusu Mbili za Mshahara Mmoja

Hakuna aliyeniomba niandike haya, na hilo ndilo kosa lenu la kwanza ninyi makarani wapya. Nimekaa kwenye meza ile ya mishahara muda mrefu kuliko mguu wake wa mbele kushoto, maana mguu huo niliubadilisha mara mbili na mimi hakuna aliyenibadilisha. Nimeacha kazi ningali na meno yangu yote, tena kwa hiari yangu, wala msisikilize wanaosema vingine. Nawaachia machache kuhusu kazi ya kukata, kabla sijayasahau na kabla ninyi hamjaiharibu.

Nasema kukata kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Watu hudhani karani wa mishahara kazi yake ni kulipa. Kulipa hata mlevi anaweza, anachukua fedha anampa mtu. Kazi ni kujua kitakachobaki. Mtu akiandikwa kinuni kwa shilingi ishirini na nane, shilingi hizo ishirini na nane ni kama baba mkwe kwa mke wa mwanawe hapa kwetu: inajulikana yupo, anaheshimiwa, lakini hawakutani uso kwa uso. Anachokutana nacho ni kile kilichosalia baada ya posho, akiba, blanketi la mkopo, gunia lililopasuka mikononi mwake, na kodi. Hicho kilichosalia ndicho mshahara. Kile kingine ni habari tu.

Shule nilisoma madarasa mawili kwa wamisionari, na la pili sikulimaliza kwa sababu mto ulichukua daraja na mimi sikuona haja ya kulingoja. Leo vijana wa darasa la nane huniletea hesabu zao nizitazame. Nazitazama.

Nilikuja Mwaya kubeba magunia ya mpunga katika kinu kile kilicho hatua chache kutoka gati la ziwani. Kila mfanyakazi alipewa kipande, kadi yenye vyumba thelathini, na kila siku uliyofanya kazi chumba kimoja kilitiwa alama. Vyumba vikijaa, unalipwa. Vyangu vilipojaa mara ya kwanza nilikwenda mezani nikitazamia shilingi kumi na nane, maana hizo ndizo nilizoahidiwa. Nikawekewa tisa na senti hamsini.

Karani wakati huo alikuwa Mzee Kondowe, mtu wa ng'ambo ya mto Songwe, ambaye nusu ya ndugu zake walikuwa chini ya Waingereza wa Nyasa na nusu chini ya Waingereza wa Tanganyika, na yeye akisema hajaona tofauti ila rangi ya stakabadhi. Nilisimama mbele yake na mabega yangu ya kubebea magunia.

"Karani, zangu zingine ziko wapi?"

"Umeuliza vizuri," akasema. "Wengine huuliza kwa ngumi. Keti."

Akanirudishia shilingi zote kumi na nane pale mezani, katika mafungu mawili ya tisa tisa. Kisha akaanza kuziondoa moja moja, na kila aliyoiondoa aliitaja jina. Hizi nne za posho, unga uliokula. Hii moja ya gunia ulilolivuta kwenye msumari. Hizi tatu za kaniki uliyomchukulia mama yako, usiniambie umesahau. Senti hamsini za chungu cha maji, mlikivunja wote na wote mnalipa. Alipomaliza nilikuwa na tisa na nusu zile zile, lakini sikuwa na hasira tena. Nilikuwa na huzuni, ambayo haina gharama kwa karani.

"Siku nyingine uniwekee hivi tangu mwanzo," nikamwambia.

"Kwa watu mia moja jua litazama," akasema. Halafu akafikiri. "Lakini una akili, wewe mbeba magunia. Mtu akiiona shilingi ikiondoka, atamkasirikia aliyeichukua. Asipoiona, atanikasirikia mimi."

Tangu mwezi uliofuata ndivyo alivyofanya kwa kila mtu, na mimi nilipomrithi sikuwahi kufanya vingine. Weka mshahara wote mezani kwanza, kisha ondoa mbele ya macho ya mwenyewe, ukitaja. Nasikia ninyi sasa mnatia fedha kwenye bahasha iliyofungwa. Haya.

Jinsi nilivyotoka kwenye magunia nikafika kwenye kiti sitasimulia. Kupanda cheo ni hadithi ya watu wasio na hadithi nyingine. Itoshe kusema macho ya Mzee Kondowe yalififia, yangu yalikuwa makali, na baada ya miaka miwili ya kumsomea tarakimu nilikuwa nazijua kabla hajaniuliza. Aliniachia daftari, kalamu mbili, chupa ya wino mwekundu, na kisanduku cha chuma chenye vyumba vya shilingi, sumni na senti. Kujumlisha nilijifunza mwenyewe kwa punje za mpunga, nikizipanga mezani mistari mistari. Mara moja kuku aliingia ofisini akala makato ya watu wanne. Nilianza upya nikapata jibu lile lile, jambo ambalo sijaona mtu wa darasa la nane akilifanya.

Watu waliniita Mkasi. Walidhani nitachukia. Mkasi ni kifaa cha chuma, una ncha mbili, na hakuna fundi anayeweza kukaa bila huo.

Sasa kodi. Ninyi mmekuta kodi hii mpya inayopanda na kipato cha mtu. Mimi mwaka wa kwanza wa kodi hiyo nilipangiwa daraja la juu kuliko mnyapara, nikatembea na stakabadhi mfukoni nikiwaonyesha watu wa bonde letu lote, hadi mke wangu aliponiuliza ile tofauti ingenunua nini. Sikumjibu, kwa kuwa hajui mambo ya ofisi. Lakini zamani ninayoisema kodi ilikuwa ya kichwa. Haikuuliza kichwa hicho kina nini mfukoni. Mwenye ng'ombe arobaini na mbeba magunia walilipa sawasawa, na mwenye mke wa pili aliongeza kidogo, kama adabu.

Mwaka mmoja baada ya ile vita kubwa, mvua iliharibu mpunga wa Ngonga na watu wengi walichelewa kulipa. Ikaja barua kutoka barazani kwa malafyale, chifu wetu. Iliandikwa na karani wa kodi, kijana mmoja aitwaye Asajile, aliyesoma Tukuyu na kuvaa soksi ndefu hata kwenye tope. Barua ilisema hivi: kila mfanyakazi anayedaiwa kodi akatwe nusu ya mshahara wake kila mwezi hadi deni liishe. Nyuma yake palikuwa na orodha ya majina, kijiji kwa kijiji.

Niliikalia orodha ile siku nzima. Chini ya kijiji cha Ngonga palikuwa na Gwamaka. Huyo nilimjua, alikuwa fundi wetu wa mkanda wa mashine, mtu mwembamba asiyechelewa. Mistari mitatu chini yake palikuwa na Ambakisye. Jina hilo sikuwa nalo daftarini. Nikatoa kichwa dirishani nikamwuliza mnyapara.

"Ambakisye wa Ngonga yupo hapa kinuni?"

"Yupo," akasema bila kuinua uso. "Anafunga mkanda."

Nikatia alama. Mnyapara hakusema uongo na mimi sikuuliza vibaya. Hapo ndipo mnapoona hatari ya watu wakweli.

Siku ya malipo nilimwita Gwamaka. Nikaweka ishirini na nane mezani. Nikaondoa kumi na nne, nusu ya baraza. Nikaondoa nne za posho. Nikaondoa mbili za akiba, ile ambayo kinu humwekea mtu na halipwi hadi aache kazi au afe. Zikabaki nane. Alikuwa amenyoosha mikono kuzichukua nilipotazama orodha nikaita jina lililofuata.

"Ambakisye wa Ngonga."

Akarudisha mikono. "Ndiyo."

"Nimemwita Ambakisye."

"Ndiye mimi."

Foleni nzima nyuma yake ikaitikia kwa vichwa. Hapo nikaelewa. Kwetu mwenye nyumba akifa, siku ya kumaliza matanga mdogo wake hutolewa ndani mbele ya watu, huvikwa jina la marehemu, hupewa nyumba yake, mke wake, watoto wake na ugomvi wake na majirani. Kuanzia hapo yeye ndiye. Jina lake la zamani huachwa kama nguo iliyobana. Ambakisye mkubwa alikuwa amekwenda migodini kusini, na miaka miwili nyuma ilirudi habari yake bila mwili. Mdogo wake Gwamaka akawa Ambakisye kijijini, akabaki Gwamaka kwenye daftari langu, na karani wa kodi kila alipopita Ngonga na kuita majina yote mawili, wazee walimjibu kwamba Ambakisye yupo, kwa kuwa yupo.

Mtasema mimi ni mtu wa hapa hapa, ningejua. Nilijua. Nyama ya matanga yale nilikula mwenyewe, na nilirudia. Lakini karani haruhusiwi kujua kisichokuwa daftarini. Hilo ndilo linalomtenganisha na jirani.

Barua ilisema nusu ya mshahara kwa kila jina. Majina mawili, nusu mbili, mshahara mmoja. Niliondoa zile nane mezani, nikaandika kwamba pamepungua sita, na kinu kikazilipa kwa baraza kwa niaba yake. Mtu alifanya kazi siku thelathini, akaondoka mezani akidaiwa shilingi sita. Katika maisha yangu ya kazi sijawahi kufikisha mshahara chini kiasi kile, na siku hiyo, naungama, sikuona fahari.

Jioni alinikuta nafunga mlango.

"Mkasi, mimi sina ugomvi na wewe," akasema. "Ulikata ulichoandikiwa. Lakini nina nyumba mbili na watoto watano, na deni hilo litakula hadi mpunga mpya. Wakala wa migodi anaandika majina. Anatoa fedha ya mbele. Meli inakuja baada ya wiki nne."

"Huko ndiko alikokufa kaka yako."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa na rafiki. "Mimi sijafa," akasema. Kisha akaongeza, "Ila nikifia huko, sina mdogo. Hakuna atakayetolewa ndani. Nyumba zote mbili zitafungwa."

Sikumkopesha. Karani akianza kukopesha atamaliza kwa kujikata mwenyewe. Kesho yake niliomba ruhusa nikaenda barazani kwa Asajile, nikamweleza mambo kwa ufupi, na kwa kiburi kidogo, maana alikuwa amefanya kosa na soksi zake.

"Mimi siandiki maneno ya njiani, mzee," akasema. "Kama Ambakisye amekufa, niletee mzee wa kijiji aseme hivyo mbele yangu. Nitamfuta hapo hapo."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Nikacheka moyoni. Neno moja kutoka kwa mzee mmoja. Jumapili nikapanda baiskeli hadi Ngonga. Mzee Kasebele, mkubwa wa kijiji, alikuwa nje kwake na watu wanne, na fundi wangu wa mkanda alikuwa ameketi kwenye gogo pembeni yake.

"Ugonile, tata," nikasema.

"Ndaga, Mkasi. Leo ni Jumapili, umekuja kukata nini?"

Wakacheka, nikacheka. Nikaeleza. Nikasema nahitaji neno moja tu barazani, kwamba Ambakisye amekufa.

Kicheko kikaisha. Kasebele akageuka akamtazama Ambakisye kwenye gogo, kisha akanitazama mimi.

"Amekukosea nini?"

"Hajanikosea, tata. Namwombea nafuu."

"Unamwombea nafuu kwa kumtakia kifo?"

"Namsema yule wa kwanza."

"Kwani wako wangapi?"

Nikamgeukia mwenyewe. "Basi sema wewe. Sema wewe uliye hapa ni Gwamaka."

Akainamisha kichwa. "Siwezi kujitamkia hilo, Mkasi. Watoto wa nyumba ile wananisikia."

Nimebishana na wenye magunia, na manahodha, na mzungu mmoja wa mizani. Sijawahi kushindwa upesi namna ile. Mama yake alikuwa upande wa pili wa uwanja akipepeta mchele, na ungo haukusimama muda wote tuliozungumza. Sasa ukasimama.

"Mwanangu," akaniambia, "tulilia mwezi mzima hadi tukampata tena. Unataka tumpoteze kwa ajili ya karatasi?"

"Mama, karatasi inamla."

"Karatasi inataka nini?"

"Inataka asiyekuwepo afutwe."

"Basi ipe Gwamaka," akasema, akaanza kupepeta tena. "Huyo ndiye hayupo. Tangu siku ile nani amenisikia nikimwita?"

Kasebele akatikisa kichwa kwa kukubali, polepole, kama mtu aliyeulizwa hatimaye swali lenye akili. "Hilo nitasema," akasema. "Hilo hata mbele ya malafyale mwenyewe nitasema."

Wazo hilo nilikuwa nalo tangu njiani. Mama yule alinisaidia tu kulitamka.

Tulirudi Mwaya pamoja, mimi nikisukuma baiskeli ili tulingane. Karibu na mto akanigeukia.

"Gwamaka akifutwa," akasema, "ile miaka yangu miwili na nusu ya mkanda itakuwa ya nani?"

"Ya marehemu."

Tukatembea.

"Alikuwa fundi mzuri," akasema.

"Alikuwa," nikamwambia.

Barazani mambo yalikwenda kwa heshima. Kasebele alisema Gwamaka wa Ngonga hayupo, na akasema kwa uzito hata mimi nikataka kuvua kofia. Asajile akafungua daftari la kodi, akachukua rula, akapiga mstari mwekundu juu ya jina la Gwamaka na deni lake lote. Kisha akamtazama mtu aliyesimama kando ya mzee.

"Na wewe nani?"

"Ambakisye. Kaka yake."

"Pole sana kwa msiba."

"Ndaga," akasema Ambakisye.

Tungeondoka hapo tungekuwa tumeshinda kabisa, lakini kijana yule, soksi au si soksi, alikuwa amesomea kazi yake.

"Marehemu aliacha mke?"

"Aliacha."

"Amerithiwa na nani?"

Ambakisye akanitazama. Nikatazama dari.

"Na mimi," akasema.

"Basi una mke wa pili. Shilingi sita kwa mwaka." Akaandika.

Ndivyo mtu yule alivyolipishwa kodi ya nyongeza kwa kumrithi mke wake mwenyewe. Na mkihesabu vizuri mtaona jambo jingine: serikali iliendelea kumdai aliyefia kusini, ikamsamehe aliyesimama mbele yake. Vitabu vilikubaliana senti kwa senti. Nimeona vitabu vingi vikikubaliana kwa njia hiyo, kwa hiyo mkiona hesabu imetulia kabisa, msikimbilie kufurahi.

Ilibaki kinu. Gwamaka akifa, kipande chake kinafungwa na akiba yake inatolewa kwa mrithi: shilingi mbili kwa miezi thelathini, sitini. Niliandika hati, nikamleta Ambakisye mbele ya mwenye kinu, nikamtia wino kwenye dole gumba. Mwenye kinu alikuwa mtu wa kutazama mambo mara mbili. Akalinganisha alama ile mbichi na ile ya marehemu ya siku ya kuandikwa kazi.

"Dole ni moja," akasema.

"Ni ndugu, Bwana. Tumbo moja."

"Nina ndugu watatu. Hatuna dole moja." Akainua macho. "Huyu si Gwamaka wa mkanda?"

Nilikuwa na jibu tayari, zuri kweli, lakini mwenyewe alinitangulia.

"Gwamaka hayupo, Bwana. Mimi ni Ambakisye. Nikikosa kazi hapa nitaandikwa kwa wakala, meli ni wiki ijayo."

Mwenye kinu akasikiliza. Si kumsikiliza yeye. Alisikiliza mashine, ambayo tangu asubuhi ilikuwa inapiga kelele ya mkanda uliolegea, na hakuna mtu mwingine Mwaya yote aliyejua kuufunga bila kuukata. Akatia sahihi.

"Lakini huyu ni mgeni kazini," akasema akifunga kalamu. "Mgeni huanza na ishirini na nne."

Nikamlipa Ambakisye akiba ya mdogo wake. Niliweka sitini mezani, nikaondoa zile sita Gwamaka alizobaki akidaiwa na kinu, nikampa hamsini na nne. Msinitazame hivyo. Deni la marehemu hulipwa kwanza, hata kwenye vitabu vya dini.

Kisha nikamfanyia hesabu ya mwezi unaokuja, mezani, kwa shilingi halisi, ili aone kwa macho kabla hajaamua. Ishirini na nne. Toa kumi na mbili za baraza, sasa nusu ni moja tu. Toa nne za posho. Toa mbili za akiba, maana Ambakisye naye lazima aanze kujiwekea. Sita. Mwezi uliopita ilikuwa sita za kudaiwa, huu utakuwa sita za kupokea, na zile hamsini na nne za kununulia chakula hadi mpunga uive, na kodi ikiisha, mkononi zitabaki kumi na nane kila mwezi.

Aliziangalia zile sita muda mrefu.

"Wakala anatoa arobaini za mbele," akasema.

"Najua."

"Na blanketi."

"Blanketi atakukata," nikamwambia. "Hilo nakuapia kama mtu wa kazi."

Hakucheka. Akaondoka na fedha zake bila kusema ameamua nini, na mimi sikumwuliza, kwa sababu sikutaka kusikia.

Meli ilitia nanga siku ya kazi, kabla ya saa mbili. Kutoka dirishani niliwaona wanaume wakishuka na masanduku ya mbao kichwani, na wake zao nyuma, na wakala na karatasi zake. Kengele ya kinu ikalia. Nikasimama mlangoni na vipande, nikaanza kuita. Kila mtu akaitika. Nikafika kwa Ambakisye.

Kimya.

Nikaita tena. Mnyapara akainua mabega. Mashine ikaanza bila fundi wake, ikapiga kelele, ikanyamaza. Nikarudi mezani nikafungua daftari kwenye ukurasa wake. Mstari mmoja tu ulikuwa umeandikwa, wino bado ukionekana mpya. Nilichukua chupa ya mwekundu, nikaifungua, nikaifunga. Mimi nimekata watu mia kila mwezi bila kusita, lakini asubuhi ile nilitazama ziwa badala ya daftari. Nilihesabu vichwa kwenye mtumbwi wa kwanza ukielekea melini, na kwenye wa pili. Kwa umbali ule vichwa vyote vilifanana. Honi ikalia mara mbili, moshi ukainuka, meli ikageuza tumbo lake kuelekea kusini.

Nilimsikia kabla sijamwona. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi mapajani na viatu vilikuwa mkononi.

"Nilikuwa nawabebea rika langu masanduku hadi kwenye mtumbwi," akasema. "Wanne wamekwenda."

"Kengele ililia zamani."

"Niliisikia."

Nikachukua kipande chake. Nikatafuta chumba cha siku ile, na badala ya alama nzima nikamtilia nusu. Akaja karibu akainama kuona, maana nilikuwa nimewafundisha wote kutazama.

"Umekata ngapi?"

"Senti arobaini."

"Zote kwa kuchelewa?"

"Zote."

Akavaa viatu, kimoja kimoja, bila haraka. "Gwamaka hakuchelewa hata siku moja," akasema.

"Ndiyo maana namsikitikia," nikamwambia. "Nenda kafunge mkanda."